Uzio wa Hondohondo

Mazishi ya Mwalimu Kasiani yalikuwa yamekwisha. Tumeshakula, akina mama wanaosha masufuria, nami nimeshachukua mkoba wangu nirudi zangu Majengo mjini, ndipo wazee waliokaa kwenye mabenchi nyuma ya nyumba wakaniita. Nikadhani wanataka kunipa pole, maana nilikuwa mtu wa Mwalimu miaka mingi katika kile chama chetu cha kuangalia na kulinda ndege, na Kilema nzima wananijua kwa jina la mama wa ndege. Nikaenda kwa adabu, nikatoa shikamoo zangu. Mmoja wao akaniuliza kwa upole kabisa, "Rehema, wewe na marehemu Bi Tatu ndio mliopanda yale masale kwenye mti wa Mama Manka?" Nikasema ndiyo, ni sisi. "Mwalimu ametangulia, Bi Tatu ametangulia, umebaki wewe. Basi tuambie hapa mbele ya watu, mlipanda uzio wa ndege, au mlipanda mpaka?" Nikautua mkoba chini. Jamani! Swali hilo nimejiuliza tangu msichana sijapata jibu, halafu leo, tumbo limejaa ndizi za msibani, ndiyo nilijibu?

Mama Manka mwenyewe alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda, khanga mabegani, haniangalii. Ni mjane, na sasa amezeeka. Anataka kihamba chake, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, kibaki kwa Manka, binti yake wa pekee. Watoto wa shemeji yake, Mzee Gaspari, wanasema upande wa juu penye nyumba achukue, hawana neno, ila upande wa chini ya ule mti ni wa baba yao. Masale, ule mmea wa majani marefu, huku mlimani ndiyo alama ya mpaka, na yamesimama pale miaka yote. Lakini vijana wanasema hayo yalipandwa na wanawake wa mjini kwa ajili ya ndege, yasimdanganye mtu. Kwa hiyo kama ni uzio wa ndege, Mama Manka anapoteza nusu ya migomba aliyoizeekea, na kama ni mpaka hakuna wa kumgusa. Na Mzee Gaspari alikuwa pale pale, mikono miwili juu ya mkongojo. Nikawaomba wazee wanipe maji ya kunywa kwanza. Sikuwa na kiu hata kidogo, nilikuwa natafuta muda wa kukumbuka.

Mwaka wa kupanda masale yale nilikuwa nimemaliza shule, nakaa nyumbani sina hili wala lile. Bi Tatu, jirani yetu wa mlango wa pili, muuza vitumbua mwenye mdomo unaounguza kuliko mafuta yake, akaniambia, "We mtoto, utakaa barazani kuhesabu wapita njia mpaka lini? Njoo Jumamosi ukahesabu ndege." Nikacheka. Mtu mzima na akili zake ahesabu ndege, halafu bila kulipwa? Nikaenda kwa kutaka tu kuona kichekesho chenyewe. Tulikutana Njoro, mjini hapo hapo, sebuleni kwa Mwalimu Kasiani, mstaafu wa jiografia aliyepanga pale vyumba viwili ingawa kwao ni Kilema. Naweza hata leo kukichora chumba kile: makochi yenye vitambaa vya kufuma, picha ya Bikira Maria juu ya redio, na kwenye msumari darubini ya chama, moja tu kwa watu wote, jicho lake la kushoto lina ukungu. Chai ilikuwa ya tangawizi kali, na sinia la viazi vitamu vya kuchemsha linazunguka, nje wale ndege kwarara wanapiga kelele juu ya miti kana kwamba wametukanwa. Nilitoka pale jioni sijaelewa watu hawa wanataka nini duniani, lakini Jumamosi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika.

Nilichokuwa sielewi zaidi ni mazungumzo yao. Wataanza vizuri kwa Kiswahili, nani kaona njiwa gani wapi, shule ipi twende tukaongee na watoto waache manati, halafu ghafla jambo la mlimani litaguswa, sauti zitashuka, na wote watageukia Kichagga. Mimi na Bi Tatu tunabaki na vikombe vyetu. Bi Tatu alikuwa akivumilia kidogo kisha anagonga kijiko mezani, "Haya, wenye nchi mkimaliza mtushtue." Watacheka, watatufasiria maneno mawili ya juu juu, nasi tutajifanya tumeridhika. Mwalimu ndiye aliyekuwa fundi wa kutoridhisha mtu. Ukimwuliza jambo anakujibu kwa swali. Nilimwuliza siku moja kwa nini anawapenda ndege, akaniuliza, "Wewe uliyesoma, umewahi kumwona ndege anaitwa barazani kutoa ushahidi?" Nikaona huyu mzee ama ana hekima sana ama amechoka. Mpaka leo sijaamua.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa hondohondo, yule ndege mkubwa mweusi na mweupe mwenye pembe juu ya mdomo, anayelia kama mtoto aliyenyang'anywa ubuyu. Jike lake likitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti mkubwa, likajizibia humo kwa udongo anaouleta dume, likabakiza ufa mwembamba tu. Humo linatagia, linaatamia na kulea. Dume kazi yake ni kwenda na kurudi na kuyu tumboni, anazicheua na kulisha kwenye ule ufa. Sasa mti ule ukikatwa, jike na kinda wanakufia ndani. Basi chama kilikuwa kinazunguka vihamba kutafuta miti yenye tundu lililozibwa na kuwabembeleza wenyewe wasikate mpaka ndege atoke. Bi Tatu alipoelezwa habari hii mara ya kwanza aliweka mkono kiunoni. "Yaani mwanamke afungiwe humo, na mume ndiye mwenye kujua sokoni kuna nini? Akichelewa je?" Mwalimu akasema, "Hachelewi." Bi Tatu akasema loo, kumbe kuna waume, ila wako juu ya miti.

Ndivyo tulivyofika kwa Mama Manka. Wakati huo alikuwa mama wa makamo, mjane mpya, na mti wake, mruka mrefu uliosimama katikati ya shamba, ulikuwa na tundu lililozibwa. Shemeji yake Gaspari, mwenye nguvu zake bado, alikuwa ameshaleta watu wa msumeno kuuangalia, anasema mti uko upande wake. Mama Manka alitupokea jikoni. Moshi ulitutoa machozi wageni, yeye hata kope hazichezi. Alitupa kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwenye sufuria mpya aliyosema haijawahi kupika nyama yoyote, tule kwa amani kina mama wa Kiislamu, na Bi Tatu aliisifu ile sufuria mpaka mwenyewe akaona haya. Nikamwambia Mama Manka aje siku moja Majengo tumpikie pilau. Akatikisa kichwa. "Sitoki hapa, mwanangu. Nilitoka mara moja tu, nilikwenda Marangu kumzika baba yangu. Tangu nirudi sitoki. Sokoni namtuma Manka, kanisani nakwenda misa ya kwanza narudi mbio." Nikamwuliza anaogopa wezi? Akamtazama Mwalimu. Wakaanza Kichagga, yeye anaongea haraka haraka, anaonyesha nje kwa mwiko, na katikati akaanza kulia, machozi ya kweli, si ya moshi. Mwalimu alisikiliza kichwa chini. Tulipotoka nikamwuliza mama analilia nini. "Anamsikitikia ndege," akasema. Nilitembea nikiwaza, hivi mtu na akili zake anamlilia hondohondo kiasi kile?

Wiki iliyofuata Mwalimu alitupeleka tena, mimi na Bi Tatu peke yetu, wanachama wengine, wote watu wa mlimani, hakuwaita. Chini ya mruka tulikuta mzigo wa vipande vya masale vimekatwa tayari. Mimi sale nililijua kama ua, pale kwetu tunalipanda kwenye kopo la rangi mlangoni, basi. Mwalimu akasema tuweke uzio watoto wenye manati wasikaribie tundu. Akakaa kwenye jiwe, akasema mgongo unamsumbua, na hakushika kipande hata kimoja. Ila fimbo yake haikusumbuliwa na chochote. Alikuwa anagusa chini, "Hapa. Sasa hapa. Hapana, rudi kidogo, hapa," nasi tunachimba. Udongo ulikuwa laini ajabu, jembe linazama lenyewe. Bi Tatu akasema, "Mwalimu, Kilema yenu hii siagi. Majengo ningekuwa nimeshavunja mpini." Mwalimu hakucheka. Mstari ulipita kando ya mruka upande mmoja tu, kisha ukashuka moja kwa moja kwenye migomba mpaka mfongoni, ule mfereji wa maji wa wazee. Nikamwuliza, "Mwalimu, ndege yuko juu ya mti, uzio unakwenda mfongoni kufanya nini?" Akasema, "Watoto hupitia huko." Nikaona sawa, mzee anawajua watoto wa kwao. Mama Manka alikuwa amesimama mlangoni pa jiko muda wote ule, mkono mdomoni.

Hatukuwa tumenawa mikono Gaspari akatokea. Aliona ule mstari akasimama. Nimewaona watu wakikasirika, Majengo tunakasirika kila siku kabla ya chai, lakini yule hakukasirika tu. Uso ulimwisha damu. "Nani kapanda masale haya?" Bi Tatu, ambaye haogopi mtu, akasema, "Sisi, baba. Habari za hapa?" Gaspari akaenda moja kwa moja kwenye sale la kwanza, akainama, mkono ukafika kwenye majani, ukasimama. Kisha akainuka bila kuligusa, akamgeukia Mwalimu, wala si sisi tuliopanda. "Kasiani!" akasema, na baada ya hapo Kichagga kitupu, kirefu, kizito. Mwalimu alimjibu kwa Kiswahili, tena polepole kama yuko darasani. "Ni uzio wa ndege, Gaspari. Waulize hawa wageni wenyewe." Gaspari akatutazama, tope mpaka viwikoni, akaondoka zake. Watu wa msumeno hawakurudi. Njiani, tunakaribia barabara, Bi Tatu alisimama akakung'uta tope mikononi. Kisha akasema, "Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Sawa. Ila mie sijaona hapo mgonjwa ni nani."

Nilikuja kuelewa nusu baadaye, kwa msichana mmoja wa Kilema aliyekuwa akinisuka nywele. Nilipomwambia tumepanda masale kwenye kihamba cha watu aliacha kusuka. Akanieleza kwamba sale likishika mizizi ndilo mpaka, na kuling'oa ni kujitafutia laana, na watu waliokosana huombana msamaha kwa jani lake, mwenye kuletewa hawezi kukataa. "Mchagga hapandi vile kwa mchezo, dada. Labda mtu asiyejua." Ndipo nikawaka. Kumbe ndiyo maana alituchukua sisi wawili! Nilikwenda Njoro nimevaa hasira kama nguo, nikamwambia Mwalimu mbele ya chai ya watu, "Ulitutumia!" Akaniuliza, "Pale kwenye mti uliona nini?" Nikasema niliona ndege. "Basi ulipanda kwa ajili ya ndege," akasema, akanisogezea sinia. Nikasusa vikao. Nilijifungia nyumbani nikisema sirudi, nikarudi, kwa sababu nilitaka kuwa pale hondohondo akitoka.

Na alitoka. Tulikuwa chini ya mti asubuhi, mimi, Bi Tatu, Mwalimu na Mama Manka, jike likabomoa ule udongo kwa mdomo, likachungulia, likaanguka nusu na kuruka nusu mpaka kwenye mti wa jirani, manyoya yamechakaa. Kinda lake likakaa mlangoni linalalamika kwamba dunia ni kubwa. Niliruka ruka kama mtoto, nilimkumbatia Bi Tatu. Darubini ilipofika kwa Mama Manka hakuiinua. Yeye alikuwa anayatazama masale, na masale yalikuwa yameshatoa majani mapya. Tangu hapo kila mwaka nimekwenda kuangalia kama wamerudi, na kila mwaka Mama Manka amenipa kiburu, nami sikumwuliza jambo lolote. Sijui kwa nini. Nafikiri niliogopa kuambiwa kwamba mwaka ule uliokuwa mzuri kuliko yote ya ujana wangu ulikuwa mambo ya shamba la watu, na mimi nilikuwa jembe tu.

Nikamaliza maji yao, nikairudisha bilauri. Wazee wanangoja. Nilitaka sana kusema "mpaka". Mungu anisamehe, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, maana Mama Manka ni mtu wangu. Lakini wangeniuliza nimejuaje, nami sijui. Basi nikasema nilichokiona. "Wazee wangu, mimi nilikuwa mtoto wa mjini, nilidhani ni maua. Mwalimu alisema ni uzio wa ndege. Yeye hakupanda hata moja, alikaa akituonyesha kwa fimbo, hapa na hapa, nasi tukachimba. Udongo ulikuwa laini, haukutusumbua hata kidogo. Mstari ulianzia kwenye mti ukaishia mfongoni. Zaidi ya hapo, wallahi, sielewi, na sijaelewa tangu siku ile." Kijana mmoja wa Gaspari akapiga makofi. "Mmesikia! Uzio wa ndege, kasema mwenyewe!" Nikamwona Mama Manka amefumba macho.

Ndipo Mzee Gaspari akagonga mkongojo chini. "Nyamaza wewe," alimwambia mwanawe. Kisha akaniuliza mimi, "Hukujiuliza kwa nini udongo ulikuwa laini?" Nikasema tuliona ni baraka ya Kilema. Akacheka kicheko kibaya, cha mtu anayeumwa. "Mashimo yalikuwa yameshachimbwa. Baba yetu alipanda masale pale kutugawa mimi na marehemu kaka yangu. Shemeji alipokwenda Marangu kuzika, niliyang'oa yote, nikasawazisha udongo. Nikajua mwanamke peke yake akisema hataaminiwa. Narudi siku ile, nayakuta yamesimama, kila moja mahali pake. Kasiani alikulia hapa na sisi, aliujua ule mpaka kama alivyoujua mkono wake. Angeweza kunisema mbele ya ukoo mzima. Hakunisema. Kila Jumapili nje ya kanisa ananiuliza, 'Gaspari, hondohondo yupo?' Nami namjibu yupo. Mpaka amekufa, ananiuliza hondohondo tu." Akainuka kwa shida, akashuka kule kwenye mruka, sisi wote nyuma yake na wanawe wakiwa wa mwisho, akakata jani moja la sale, akalifunga fundo, na mzee yule mwenye magoti mabovu akapiga goti mbele ya Mama Manka. Mama Manka alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa analia na anamsuta papo hapo, "Inuka Gaspari, inuka, utanipa kazi ya kukuinua." Wazee wakatamka kwamba mpaka ni huo, na kihamba cha Mama Manka kitakwenda kwa Manka, chote, mpaka mfongoni.

Watu walipoondoka nilibaki naye chini ya mti. Nikamwuliza, "Mama, wewe ulijua siku zote?" Akasema, "Vipande vile nilikata mimi, kwenye masale yaliyopandwa kaburini kwa mume wangu." "Mbona hukuniambia?" "Ulikuwa unakuja hapa na furaha yako, unaangalia ndege wako. Ningekwambia ili iweje?" Ikaniuma, na ikanifurahisha, na sikujua kipi kilitangulia. Nikamwuliza basi lile ambalo sasa hakuna mwingine wa kumwuliza: Mwalimu aliwapenda hondohondo kweli, au alitafuta tu fimbo ya kunyooshea mpaka? Mama Manka aliligeuza lile jani mkononi. "Wiki mbili kabla hajafa aliomba aletwe hapa. Wakambeba na kiti chake. Alikaa chini ya mti huu asubuhi nzima, na jike liko ndani, limejizibia." Nikasema, "Sasa alikuwa anatazama wapi, mama? Juu kwenye tundu au chini kwenye masale?"

"Alikuwa amefumba macho," akasema.